Mshenga Katika Kiti cha Mteja

Wananchi wa Manispaa ya Sumbawanga, wa Laela, wa Mpui, na nyote mnaoishi juu ya uwanda huu wa Ufipa ambako upepo huingia ndani bila kupiga hodi: mlioketi simameni, mliosimama vueni kofia. Inatangazwa kwenu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba huzuni imefutwa. Hakuna tena sababu ya mtu kulia peke yake jikoni, kununiana na shemeji, wala kumsimulia ng'ombe mambo yasiyomhusu ng'ombe. Mtaalamu amepatikana. Ni mtoto wetu wenyewe, kazaliwa Mpui, kabatizwa, kachanjwa, na sasa yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya ushauri nasaha na tiba ya saikolojia. Anaitwa Mwalimu Valerian.

Mliosoma sekondari hapa mjini, tafadhali rudini. Nimewaona mnakimbia.

Ni kweli, ndiye yule yule. Valerian alikuwa mwalimu wa nidhamu kwa muda mrefu kiasi kwamba wapo wazazi aliowachapa, kisha akawachapa watoto wao. Fimbo za mpera alizikata mwenyewe, akizikagua moja moja kama mtu anayenunua miwa. Halafu likaja agizo kwamba kila shule iwe na mwalimu wa ushauri nasaha. Mkuu wa shule akazunguka akitafuta mwalimu mwenye chumba chenye mlango unaofungwa, kwa ajili ya faragha. Mlango unaofungwa ulikuwa mmoja tu shule nzima, na sote tuliowahi kupita pale tunajua ulikuwa unafungwa kwa sababu gani.

Wakampeleka semina. Alirudi kabadilika. Fimbo akazichoma, akajiandikisha chuo, akaomba likizo ya masomo, akawa anakwenda Mbeya kwa mihadhara na kurudi na mabegi ya makaratasi. Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, kwa hiyo elimu ya juu naizungumzia kama mtu aliyeitazama harusi kupitia dirishani. Lakini hata mtu wa dirishani anaona mambo. Mtu anasoma miaka, kwa lugha ya watu, ili aitwe mshauri, na jambo la kwanza analokatazwa ni kushauri! Haruhusiwi kumwambia mtu afanye nini. Haruhusiwi kumhukumu. Anaruhusiwa kusikiliza, kutikisa kichwa, kumrudishia mtu maneno yake mwenyewe, na kutunza siri.

Ili amalize, Valerian alihitaji kitu kimoja: mteja. Awe mtu mzima, aje kwa hiari yake, arudi tena, na kikao cha mwisho kishuhudiwe na msimamizi wake, Daktari Ndimyake, mama wa Kinyakyusa kutoka Mbeya ambaye kwenye simu haagi, anakata tu. Mteja asipopatikana, Valerian anarudia mwaka mzima.

Akaigeuza sebule yake kuwa chumba cha ushauri. Magunia ya mahindi yakahamia chumbani kwa kulala, televisheni ikahamia jikoni, makochi yakatolewa nje barazani, mvua ikiyapiga. Vikabaki viti viwili vimekaa kimshazari, visitazamane sana wala visipeane mgongo, na boksi la tishu kwa ajili ya machozi. Mkewe Hilaria na watoto wakaelekezwa kupita mlango wa nyuma. Jumuiya ilipokuja kusali kwao, ilisalia uani katika manyunyu, na mama mmoja akaomba hadharani kwamba Bwana aikumbuke sebule hii.

Getini akaning'iniza kibao: USHAURI NASAHA NA TIBA YA NAFSI. USIRI UNAZINGATIWA. Sasa wewe andika "tiba" na "usiri" kwenye geti la Sumbawanga, halafu kaa usubiri uone watakaokuja. Wa kwanza alikuwa baba mmoja aliyeibiwa mbuzi, akitaka mwizi avimbe tumbo. Wa pili alitaka kujua kama radi inaweza kucheleweshwa mpaka amalize kuvuna. Wa tatu ndiye aliyetutia matumaini: Rafaeli, dereva wa bodaboda, aliyekuwa hapati usingizi. Aliingia, akaketi, akashusha pumzi. Valerian akafunga mlango taratibu, akamsogelea, akamwambia kwa upole, "Jisikie huru kunieleza kila kitu."

Rafaeli alitokea dirishani. Baadaye alinieleza kwamba hana ubaya na Mwalimu, ila maneno yale aliwahi kuambiwa kidato cha pili, katika chumba kingine, na kilichofuata anakikumbuka mpaka leo akipanda pikipiki.

Kwa hiyo mteja akakosekana, na Valerian, kwa kukosa wa kumfanyia mazoezi, akawa anayafanyia nyumbani.

"Baba Wili," Hilaria alimwambia asubuhi moja, maana mtoto wao wa kwanza ni Wilibrodi, "panya wameingia kwenye mahindi."

"Nakusikia ukisema panya wameingia kwenye mahindi."

"Ndiyo. Wameingia."

"Na hilo linakufanya ujisikieje?"

"Linanifanya nitafute paka."

Palizi ilipofika, Hilaria alikwenda shamba lao la kule Pito peke yake. Jioni alirudi na tope hadi magotini, akasema mgongo unamuuma. Mumewe akatikisa kichwa vizuri, akainamisha shingo upande, akamwambia anauona uchovu wake na anauheshimu. Jembe hakuligusa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na wiki nzima ikawa hivyo hivyo, mpaka siku moja Hilaria hakupitia nyumbani kutoka Pito. Alinyoosha moja kwa moja kwa Mzee Teodori.

Mzee Teodori ni mshenga. Nusu ya ndoa za kutoka hapa hadi Laela zimepita mdomoni mwake, ikiwemo ya Valerian mwenyewe: ndiye aliyekwenda Laela kwa wazazi wa Hilaria, akachuchumaa mlangoni kwao na kupiga makofi mpaka akafunguliwa. Na kwa taratibu alizorithi, kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Ndoa ikipata ufa, mke hamkaripii mume, humtuma mshenga. Mshenga anakwenda, anasema "nimetumwa", anafikisha neno, anasubiri jibu. Atakwenda mara tatu. Akirudi mara ya tatu mikono mitupu, mwanamke anafunga mzigo wake anarudi kwao, na hakuna mzee wa ukoo wowote atakayethubutu kumuuliza kwa nini.

"Neno lako ni lipi, binti yangu?" Teodori alimuuliza.

"Muulize, ananitaka au hanitaki? Kama ananitaka, arudi shamba, na sebule irudi kuwa ya watu. Kama hanitaki, basi la Laela nalijua linapopita."

Msomaji, wewe hutahiniwi, kwa hiyo hili nimekupa wazi. Aliyetuma ni Hilaria. Aliyetumiwa ni Valerian. Kosa lililofuata ni la watu wetu peke yao, maana kwingine sijui kama wana washenga wa kutosha kulifanya.

Teodori alifika mchana, kanzu safi, fimbo yake ya kutembelea ameiacha nje kama inavyotakiwa. Akachuchumaa mlangoni, akapiga makofi ya taratibu. Valerian alipoona mtu mzima, aliyekuja kwa miguu yake, uso umejaa shida, moyo ulimruka.

"Shikamoo, mzee! Usichuchumae, hapa sote tuko sawa. Keti kwenye kiti."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi katika kazi hii huwa sikai kwenye..."

"Keti, keti. Jisikie nyumbani."

Akamkalisha katika kiti cha mteja. Kiti kilikuwa na mto laini, Teodori akazama mpaka magoti yakawa juu ya kifua.

"Nimetumwa," alisema kutoka huko chini. "Aliyenituma ni..."

"Hapo hapo, mzee!" Valerian akainua kiganja kama trafiki. "Jina usilitaje. Usiri ndio nguzo ya kazi hii."

"Nisilitaje jina?"

"Wala ukoo. Wala mtaa."

Teodori akatupia jicho mlango wa jikoni, ambao ulikuwa wazi kidogo. "Mtaa unaufahamu."

"Sitaki kuufahamu. Wengi huanza hivyo, mzee, wanasema wametumwa, kumbe shida ni yao wenyewe. Ni wewe?"

"Mimi ni mjane, mwanangu. Huyu ni mwanamke ana mume."

"Vizuri sana. Endelea."

"Mume wake hasikii."

"Ana tatizo la masikio?"

"Masikio anayo. Na kichwa anatikisa vizuri kabisa."

Valerian akatikisa kichwa.

"Hivyo hivyo," alisema Teodori.

"Na mwanamke huyu anajisikiaje?"

"Anataka jibu. Mume anamtaka, au hamtaki?"

"Aa, mzee." Valerian akatabasamu lile tabasamu la mihadhara. "Mshauri hatoi majibu. Jibu liko ndani ya mteja mwenyewe."

"Ndani yake?"

"Ndani kabisa."

Teodori alitafakari. Katika umri wake wote ameleta majibu ya kila aina, ya ndiyo, ya hapana, ya kufukuzwa na mbwa, lakini jibu lililoko ndani ya mtu aliyeuliza hajawahi kupewa alibebe. "Basi nikamwambie nini?"

"Mwambie nimemsikia."

Mzee akachukua tishu moja, akaikunja kwa heshima akaiweka mfukoni akidhani ndiyo zawadi ya mshenga, akatoka. Alizunguka nyumba hadi jikoni, akamwambia Hilaria aliyekuwa anachambua maharage: "Amesema amekusikia. Kwangu mimi hilo si jibu. Hiyo ni mara ya kwanza."

Usiku huo wakati wa kula, Valerian alikuwa na furaha ambayo nyumba ile haikuwa imeiona tangu mwaka uanze.

"Nimepata mteja, Mama Wili! Siwezi kukueleza, ni siri. Ila ni mwanamke mmoja, anateseka, maskini. Mume wake ni mtu wa ajabu."

"Yukoje?"

"Yupo hapo hapo nyumbani, lakini hayupo. Unaelewa? Mtu anaongea naye, yeye kama ukuta."

"Maskini," alisema Hilaria. "Ongeza mboga."

"Mtu kama yule anahitaji kukutana na mtaalamu."

"Labda wanakutana kila siku," alisema Hilaria, akainuka kuosha vyombo.

Mtaa mzima ulijua. Sijui nani alisema, nadhani ni lile dirisha la jikoni. Mafundi cherehani walijua, jumuiya ilijua, Rafaeli alijua na akawa anawaeleza abiria. Mimi binafsi nilijaribu kumdokeza Valerian pale getini. Nilisema, "Mwalimu, huyo mteja wako mbona kama..." Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, nikanusa wino, akaniambia kwamba nikimaliza sentensi hiyo nitakuwa nimevunja maadili ya taaluma. Maadili ya taaluma! Mtu hawezi kusikia habari ya nyumba yake kwa sababu itakuwa umbea.

Mara ya pili Teodori alikataa mto, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Safari hii Valerian alikuwa amejiandaa.

"Nimemtafakari sana huyo mume, mzee. Ni mtu mwenye hofu. Anajificha nyuma ya kazi yake."

"Kumbe unamjua?"

"Simjui, lakini aina yake tumeisoma."

Teodori akasogea mbele, akamtazama usoni kama alivyomtazama baba yake Hilaria kule Laela siku ile. "Mwanangu, nakuuliza, na ninauliza mbele ya Mungu. Mume huyo angekuwa wewe, ungejibuje?"

Nyuma ya mlango wa jikoni, mwiko ulinyamaza ndani ya sufuria.

Valerian alivuta pumzi. Alikuwa na jibu, nina hakika alikuwa nalo, maana si mtu mbaya. Kisha akakumbuka mhadhara. "Mshauri hajiingizi katika habari ya mteja, mzee. Ila mwambie aje mwenyewe. Jumatano msimamizi wangu anakuja kutoka Mbeya. Mimi siwezi kuendelea kumhudumia mtu kwa kutumiwa salamu."

"Nimwambie aje hapa? Kwenye kiti hiki?"

"Kwenye kiti hicho hicho."

"Sawa," alisema Teodori, akainuka kwa kujishikilia goti. "Hiyo ni ya pili."

Jumanne Hilaria alifua nguo zote za nyumba, za mume pia. Zake hakuzirudisha kabatini. Alizipanga kwenye begi.

Jumatano Daktari Ndimyake alifika akiwa na vumbi la Tunduma mabegani, akakataa chai, akakaa pembeni na kalamu yake. Valerian alivaa tai. Makofi yakasikika mlangoni. Akaingia Teodori, na nyuma yake Hilaria, kitenge kipya, viatu vya kanisani, begi mkononi.

"Mama Wili, chai baadaye," Valerian alimnong'oneza. "Mteja anaingia."

"Ameshaingia."

Valerian akachungulia nyuma ya mkewe. Akachungulia hadi barazani, kwenye makochi yaliyoloa. "Yuko wapi?"

Hilaria akaliweka begi chini, akaketi katika kiti cha mteja. Akachomoa tishu, akafuta tope la Pito lililokuwa limeganda kwenye kifundo cha mguu.

Kule chuoni hufundishwa kunyamaza kwa makusudi ili mteja apate nafasi. Kimya cha Valerian kilikuwa cha aina nyingine. Nilikuwa barazani (makochi yale yalikuwa ya wote sasa), nikaiona rangi inamtoka kuanzia masikioni.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Nimekaa nyuma ya ule mlango nikakusikia ukimsikiliza Mzee Teodori. Ulimsikiliza vizuri, Baba Wili. Hukumkatiza ila kwenye jina langu. Nikamwonea wivu mzee wa watu, nikaona wivu na kiti." Akalivuta begi karibu. "Sikuja kulia. Basi linapita mchana."

Teodori akachuchumaa katikati ya chumba. "Nimetumwa mara ya tatu. Aliyenituma huyu hapa. Anataka jibu."

Valerian akafungua mdomo, lakini Daktari Ndimyake akamuwahi.

"Valerian, nisikilize mimi kwanza. Huyu ni mke wako, hukupaswa kumhudumia. Lakini hukujua, na usiri umeutunza kuliko mwanafunzi yeyote niliyemwona, mpaka umepitiliza. Utaratibu upo. Unatamka kwamba umegundua mgongano, unajitoa, unampa rufaa kwa mshauri mwingine. Ukifanya hivyo sasa hivi, bila kujibu hilo swali, nakupitisha."

"Mshauri mwingine yuko wapi?" aliuliza Valerian kwa sauti ndogo.

"Wa karibu? Mbeya."

"Basi langu linaelekea huko huko," alisema Hilaria, akalishika begi.

Nimemwona Valerian akitembea katikati ya vijana waliogoma, mawe yakiruka, hakutetemeka. Siku ile aliilegeza tai. Alimtazama Daktari, akatazama kile kiti, akatazama ile tishu yenye tope.

"Namtaka," alisema.

"Sauti," alisema Teodori. "Nimetumwa na mtu mzima, siwezi kurudisha mnong'ono."

"Namtaka! Na nimemkosea. Na hayo makochi yarudi ndani, hata sasa hivi!"

Kilichofuata hakikuwa cha kitaaluma. Teodori alidai jogoo wake wa kumaliza shauri, kama ilivyo haki ya mshenga, na jogoo akakimbizwa kuzunguka nyumba na mtu wa tai. Mimi na Rafaeli, ambaye sijui alitokea wapi, tulibeba makochi. Hilaria alilirudisha begi chumbani, akalipandisha juu ya magunia bila kulifungua. Mtu haamini yote siku moja.

Daktari Ndimyake alifunga kalamu. "Utarudia mwaka, Mwalimu."

"Najua, Daktari."

"Na mteja wa mwakani asiwe mama yako."

"Sawa, Daktari."

"Sasa ile chai naomba." Akaketi kwenye kochi lililoloa, akaruka, akaketi tena kwenye kiti cha mteja. Kabla jogoo hajaiva alikuwa anamweleza Mzee Teodori habari za mume wake kule Mbeya, na mzee alikuwa hatikisi kichwa, anauliza tu: "Sasa unataka nikamwambie nini?"

Kibao bado kiko getini, ila sasa hivi wanaanikia vitambaa vya jikoni.

Juzi nilipanda hadi Pito kumtafuta, maana nilitaka habari hii iwe na mwisho wenye hadhi. Nilimkuta tumbo wazi, ameinama kwenye mistari ya mahindi, Hilaria mstari wa pili, begi silioni popote. Nikasimama mbele yake, nikakohoa, nikanyoosha mkono kama mwenye kipaza sauti.

"Mwalimu Valerian," nilisema, "kwa niaba ya wananchi wa Manispaa, wa Laela, wa Mpui na wa uwanda wote wa Ufipa, tunaomba utuambie: baada ya safari hii ndefu katika vilindi vya nafsi ya mwanadamu, umejifunza nini?"

Valerian alinyoosha mgongo, akapangusa jasho, akanitazama miguuni.

"Sogea," alisema. "Umekanyaga maharage."